Msimamizi wa kanzidata akae wapi?

Kampuni nyingi za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini zina kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu zilizopangwa kwenye kompyuta, lakini hazina msimamizi wa kanzidata. Zina kijana wa IT. Huyo ndiye anayebadilisha wino wa printa, anayepanda darini kufunga kamera, anayepigiwa simu intaneti ikikata. Na ni yeye huyohuyo aliyekabidhiwa kumbukumbu za wakulima wote wanaoleta kahawa, au akiba za wanachama wote wa SACCOS. Soma tangazo la nafasi ya Afisa TEHAMA, la Mbeya au la Iringa. Mara nyingi usimamizi wa kanzidata utaukuta ni mstari mmoja tu, ulioandikwa kabla ya ule wa "kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake".

Sina ugomvi na kijana. Ugomvi wangu uko kwenye muundo wa uongozi uliobandikwa ukutani kwa meneja.

Chukua siku za mwisho wa mwezi. Mishahara ya walimu imeingia, foleni ya SACCOS imetoka hadi barazani, na madirisha yote ya malipo yameganda. Wanaitwa watu wa mtandao, seva inazimwa na kuwashwa, inaganda tena. Kumbe ofisi ya juu kuna mtu amebonyeza ripoti ya mwaka mzima, na ripoti hiyo inasoma jedwali lote la miamala tangu mstari wa kwanza kwa sababu hakuna aliyeweka faharasa, yaani orodha inayoonyesha kila kumbukumbu iko wapi, kwenye safu ya tarehe. Diski imeelemewa. Mtu anayeijua kazi yake angeliona ulizo hilo, yaani ombi la ripoti lililotumwa kwenye kanzidata, likikimbia, akalisimamisha, kesho yake akaweka faharasa, na ripoti nzito akazihamishia usiku. Nani mwingine pale ofisini angelijua hilo? Fundi wa seva anaona mashine imechoka tu. Mwandika programu naye anasema kwake ilifanya kazi vizuri, na hasemi uongo, kwani alijaribia miamala michache ya mfano.

Kwa hiyo msimamizi huyu huwekwa wapi? Wengine humweka chini ya wanaotunza seva na mitambo. Akikaa huko anakuwa mlinzi wa usiku: majedwali yanamfikia yakiwa yameshajengwa, namba za simu zimewekwa kwenye safu ya namba za kawaida hadi sifuri ya mbele imepotea, jina la kijiji limeandikwa kwa tahajia nne. Kazi yake inabaki kunakili uchafu huo kwa uaminifu kila usiku. Wengine humweka chini ya mkuu wa waandika programu. Huko anashirikishwa mapema, ni kweli, lakini bosi wake anapimwa kwa vitu vipya vilivyokamilika kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa. Bosi wa namna hiyo akisema "mpe kila mtu nywila kuu, tutarekebisha baadaye", kijana atampa.

Maoni yangu: meza yake iwe kwa waandika programu, ripoti yake iende kwingine. Akae nao, ale nao chai ya saa nne, asikie jedwali jipya likizungumzwa kabla halijaandikwa. Lakini anayempima, anayesaini likizo yake na kumtetea anapokataa, awe mkuu wa uendeshaji, au meneja mwenyewe kama kampuni ni ndogo. Wahasibu tumewaelewa zamani kwamba anayeandaa hati ya malipo asiwe ndiye anayeidhinisha. Sijui kwa nini kwenye data tunaona ni urasimu.

Mwaka 1970 Edgar Codd, akiwa IBM, aliandika makala iliyoweka msingi wa kanzidata tunazotumia hadi leo, na hoja yake mojawapo kubwa ilikuwa kwamba data isifungwe kwenye programu inayoitumia wala kwenye namna mashine inavyoipanga. Hilo ni jambo la kiutawala pia. Programu ya kupimia majani ya chai Mufindi itabadilishwa, kampuni iliyoiuza itafungwa, ila daftari la wakulima litaendelea kuhitajika. Mwenye dhamana ya daftari hawezi kuwa chini ya mwenye dhamana ya programu.

Wanaodhani tatizo hili ni la ushamba wa mikoani waitazame GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu wa dunia nzima. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Takribani gigabaiti 300 zikaondoka. Nakala za kila siku hazikuwepo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisiloendana na kanzidata yao, ikawa inashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa takribani saa 6 kabla kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Walipoeleza hadharani chanzo, hawakusingizia vifaa. Walisema kupima nakala hakukuwa jukumu la mtu yeyote.

Huku kwetu kuna ugonjwa mwingine: nywila kuu haiko hata Mbeya. Iko Dar es Salaam kwa aliyeuza programu, na ukitaka kujua nani alibadilisha salio la mwanachama unampigia yeye, kama atapokea. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Bodi ya chama haiwezi kujibu "muulizeni muuzaji".

Najua jibu la wengi: hatuna mshahara wa mtu wa hivyo. AMCOS moja, yaani chama kimoja cha ushirika cha wakulima, haina, sawa. Vyama kadhaa vya Mbozi vikichangia mtu mmoja vinaweza kuwa nao, na vyuo vyetu, MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) ikiwemo, vinatoa vijana kila mwaka wanaoishia kuuza laini za simu. Wengine wanasema wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, limemaliza kazi hii. Limepunguza, kwani linanakili na kusasisha lenyewe. Ila halijui kama karani wa mizani anapaswa kuona akaunti ya benki ya mkulima.

Mkimpata, kwenye usaili msianze na vyeti. Muulizeni mara ya mwisho alipoirejesha kanzidata nzima kutoka kwenye nakala ilikuwa lini, ilichukua muda gani, na nani alimruhusu kusimamisha kazi akaifanya.