Soko Likifunguliwa

Mtu akikwambia "nitakulipa soko likifunguliwa", usitikise kichwa tu. Muulize tarehe. Akitaja tarehe, muulize ya mwaka gani. Mimi niliuliza, nikajibiwa "mwezi ujao", na sasa tuko Desemba 2024, daftari langu la madeni limejaa mwezi ujao juu mpaka chini.

Nauza kahawa na kashata hapa Kariakoo, Dar es Salaam, hatua chache kutoka kwenye mabati ya uzio wa ujenzi. Mtu wa Kariakoo haulizi mabati yapi. Soko Kuu liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Serikali ikatenga shilingi bilioni 28 na ushee, lile la zamani likarabatiwe, na pembeni yake, lilipokuwa soko dogo, lipandishwe jingine la ghorofa. Mafundi wakaingia 2022. Tukaambiwa 2023 mambo yatakuwa tayari. Wafanyabiashara wakatawanyika, huyu Kisutu, yule Machinga Complex, na wateja wangu wa saa kumi alfajiri wakatawanyika nao. Makuli, wasukuma mikokoteni, kina mama wa nyanya, wote kwaheri. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda na wasio na mia mbili ya kahawa.

Basi 2023 ikaja, ikatusalimia, ikaenda zake.

Nawaambia ukweli, ujenzi ulipokuwa chini kabisa tulikuwa na amani. Ukiona nondo zimesimama wima unajua bado, unapanga maisha yako. Mateso yalianza tulipoambiwa mradi umefika asilimia tisini na kitu. Tisini na kitu! Hapo mtu anaanza kukusanya virago. Jirani yangu muuza viungo alishona aproni mpya, rangi ya bluu, ya kuingilia soko jipya. Imeshapauka, na soko hajaliingia. Kumbe kutoka sifuri mpaka tisini ni mwendo wa basi, kutoka tisini mpaka mia ni mwendo wa kwenda Makka kwa miguu.

Na kila anayekunywa kahawa yangu ni mhandisi. Mmoja anasema kilichobaki ni lifti. Wa pili anasema lifti zipo, kilichobaki ni umeme wa kuzipandisha. Wa tatu, ambaye maisha yake yote hajajenga hata banda la kuku, anasema zege halijakauka. Zege la mwaka juzi! Na wenzake wanaitikia, "Eee, zege bwana, zege linataka subira." Ukimuuliza amejuaje, anasema ana shemeji yake aliyewahi kuuza chakula kwa mafundi. Basi kesi imekwisha, shemeji ameshatoa ripoti.

Kuna mzee mmoja tu pale kijiweni ambaye nikimsikia nanyamaza. Yeye ukitaka kumchokoza, mtajie paa la soko la zamani. Anaweka kikombe chini. "Kijana, lile paa unalijua?" Hapo ujue utakaa. Atakueleza kwamba mchoro ni wa Beda Amuli, Mtanzania, miaka ya 1970, na kwamba yale mapaa ya zege yanayotazama juu, kila moja na nguzo yake, hayakuwekwa kwa urembo. Yanakinga maji ya mvua, maji yanashuka mpaka kwenye matangi chini ya ardhi. Soko linajichotea maji lenyewe! Na wakati huo huo, mvua ya nusu saa ikinyesha Kariakoo ya leo, mimi nabeba jiko langu kichwani, viatu mkononi, na fremu za watu zinaelea maboksi. Mzee ananyoosha kidole juu ya mabati, hasemi kitu. Kwa mzee huyu kahawa ni bure, ingawa naye sijamwambia, asije akaleta wajukuu.

Ila mkinitaka niseme nani amefaidi ucheleweshaji huu, si mkandarasi, si dalali. Ni wadeni. Kabla ya moto, mtu akishindwa kulipa ilibidi atunge. Amefiwa, ameibiwa, mtoto anaumwa. Ilikuwa kazi, mtu anakuja na jasho usoni. Sasa hivi hakuna jasho. Anasimama mbele yako wima na kukuambia, "Kaka, si unaona hali? Soko likifunguliwa." Yule aliyechukua mali kauli kwa Mpemba wa hapo jirani, soko likifunguliwa. Fundi aliyechukua kitambaa cha sare ya mtoto wangu, soko likifunguliwa, na mtoto ameshaongezeka kimo mara mbili, hicho kitambaa sasa kinamtosha kola. Binti wa dada yangu amechumbiwa na kijana wa magengeni, mahari nusu imelipwa, nusu ni soko likifunguliwa. Shemeji yangu, baba wa binti, akamuuliza kijana, "Na watoto je, nao mtasubiri soko?" Kijana akainama.

Upande wa pili yuko mwenye nyumba wangu. Huyu anatumia kalenda tofauti kabisa.

Napanga kwenye moja ya zile nyumba za chini zilizobaki, vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, choo kimoja na foleni. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, jua tunaliona saa saba mchana, dakika chache, linaaga. Bati la chumbani kwangu linavuja. Nikimwambia mwenye nyumba azibe, anacheka. "Ya nini kupoteza pesa? Nyumba inavunjwa, kuna mtu anakuja kujenga ghorofa." Huyo mtu wa ghorofa anakuja tangu sijaota mvi. Kwa hiyo rangi haipakwi, inavunjwa. Kitasa hakitengenezwi, inavunjwa. Lakini kodi ikifika, mzee anabadilika sura, anakuwa mtu wa maendeleo. "Eneo limepanda thamani, bwana. Soko jipya hilo, mlangoni kwako! Fremu za huku watu wanatoa kilemba cha mamilioni." Nikamwambia mimi sina fremu, nina godoro. Akasema godoro liko Kariakoo. Na anataka ya miezi sita, mkononi.

Yaani nyumba ni mbovu kwa sababu inavunjwa kesho, na ni ghali kwa sababu soko linafunguliwa kesho. Kesho zote mbili nalipia mimi.

Novemba hii ghorofa moja liliporomoka hapa hapa Kariakoo, watu wakiwa kazini asubuhi ya Jumamosi. Wapo tuliokuwa tunawauzia kahawa. Serikali imeunda kamati ya kukagua majengo ya mitaa hii, na kwa hilo sitaki haraka yoyote. Wakague polepole, waingie mpaka chini kwenye misingi, wakikawia mwaka mzima mimi sitanung'unika. Tangu siku ile nikilala chini ya bati langu linalovuja, matusi yote nimeyapunguza.

Nilichobaki kunung'unikia ni vumbi la Barabara ya Uhuru, ilivyochimbwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi ya Gongo la Mboto. Wateja wanasema kahawa yangu siku hizi ni nzito. Nasema ahsante.

Haya, jana jioni mwenye nyumba kaja kijiweni. Shikamoo, marahaba. Kakaa kwenye benchi, kanywa kikombe, kaongeza cha pili, kala kashata, kajifuta vidole kwa gazeti langu. Kasimama.

"Andika," kasema. "Nitakupa soko likifunguliwa."

Nikamwambia, "Mzee, juzi kwenye kodi uliniambia soko linafunguliwa mlangoni kwangu, muda wowote. Sasa lipi? Soko liko karibu au liko mbali?"

Akafikiri, maana si mtu wa kukurupuka.

"Kwa kodi liko karibu," akasema. "Kwa kahawa bado sana." Akachukua kashata ya pili, ya njiani.