Acheni Kuwauliza Waetruski Walikotoka

Wiki iliyopita nilitazama video ya karibu saa nzima kuhusu Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, na msimulizi alilirudia neno "fumbo" mpaka nikachoka kuhesabu. Watu wa fumbo, lugha ya fumbo, asili ya fumbo. Jina la Mwetruski hata mmoja halikutajwa. Nililala na hasira.

Swali la walikotoka ni la kale kuliko Ukristo. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, aliandika kwamba walikuwa watu wa Lydia, katika Uturuki ya leo, walioikimbia njaa ya miaka 18 wakiongozwa na mwana wa mfalme, Tyrrhenus. Mwanahistoria mwingine wa Kigiriki, Dionysius wa Halicarnassus, akabisha: hawa ni wenyeji wa Italia. Mwaka 2021 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 82 walioishi Italia kati ya 800 KK na 1000 BK, na Waetruski wakaonekana wana asili moja na majirani zao Walatini, bila dalili ya wahamiaji wa karibuni kutoka Mashariki. Dionysius alikuwa sahihi.

Haya, nakubali, lugha yao ina jambo. Haihusiani na Kilatini wala Kigiriki, na ndugu zake wanaojulikana wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini inasomeka! Herufi walizipata kwa Wagiriki, nao wakawapa Warumi. Thu ni moja, zal mbili, ci tatu. Clan ni mtoto wa kiume, puia ni mke. Kinachokosekana ni maandishi marefu. Refu kuliko yote limesalia kwa bahati tu, kwenye kitambaa cha kitani kilichochanwa vipande ili kuviringishia maiti ya mwanamke huko Misri. Leo kiko Zagreb, Kroatia. Kaisari Claudius aliandika vitabu 20 juu ya Waetruski, na vyote vimepotea.

Ila kinachoniuma hasa ni wanawake wao.

Tazama lile jeneza la udongo wa kuchoma lililofukuliwa Cerveteri, Italia, mwaka 1881 likiwa vipande vipande, ambalo sasa limeunganishwa na liko makumbusho ya Villa Giulia, Roma. Ni la mwishoni mwa karne ya 6 KK. Mume na mke wamejinyoosha kwenye kitanda kimoja cha karamu. Mkono wa kulia wa mume uko begani kwa mkewe. Mke kavaa kofia, misuko yake imeshuka kifuani, viatu vimechongoka mbele. Mume yuko peku. Wote wawili wanatabasamu. Vidole vya mke vimekunjika kama vya mtu aliyeshika kitu, na kitu chenyewe hakipo tena. Kila nikiirudia picha ile naona watu waliokatizwa katikati ya mazungumzo.

Ugiriki, mke wa heshima hakukaa kwenye karamu ya wanaume. Ndiyo maana Theopompus, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 4 KK, aliandika kwamba wanawake wa Kietruski hula na wanaume wasio waume zao, ni walevi, na watoto wao hawajui baba zao ni nani. Sasa ingia makaburini kwao usome. Marehemu anatajwa kwa jina lake, la ukoo, la baba, na mara nyingi la mama pia. Watoto wanaosemwa hawana baba wameandikiwa wazazi wote wawili! Na mwanamke alikuwa na jina lake mwenyewe, Thanchvil, Ramtha, Larthi, wakati binti wa Kirumi aliitwa kwa jina la ukoo wa babaye, na dada zake wakaitwa hilohilo.

Roma iliiteka Veii, mji wa Waetruski, mwaka 396 KK, kisha miji mingine mmoja baada ya mwingine, na Kilatini kikamaliza kazi. Waliobaki kuwaelezea Waetruski ni wale waliopigana nao au kuwadharau. Ukisikia "fumbo", jiulize nani alinyamazishwa.

British Museum wana jeneza la mwanamke wa Kietruski wa Chiusi, Italia, la karne ya 2 KK. Sanamu yake imeegemea mto juu ya kifuniko, mkono mmoja umeshika kioo, wa pili unasogeza mtandio. Mifupa yake ilikutwa ndani, na jina lake limechorwa mbele: Seianti Hanunia Tlesnasa. Video ile ingeanza naye.