Sani ya zamani ni shilingi ngapi?

Mtwara siku hizi ukisema unakusanya vijarida vya katuni vya zamani kama Sani, watu hawakuulizi unapenda nini humo. Wanakuuliza utauza lini. Wameona kwenye simu kitabu cha katuni cha Kimarekani kimepigwa mnada kwa mabilioni, na sasa kila mwenye boksi la magazeti uvunguni anaamini amelalia mali.

Kijana mmoja wa Chikongola kaniletea Sani. Jalada la nyuma halipo. Pini za katikati zimeota kutu mpaka kutu imehamia kwenye karatasi, na pembeni mwa kisa cha Ndumilakuwili kuna mtu kapiga hesabu za duka kwa kalamu ya bluu: sukari, mafuta ya taa, viberiti. Bei aliyotaja ni laki tano. Nikamuuliza bei hiyo kaipataje. "Si ya kale hiyo, kaka?"

Ya kale ni kweli. Lakini hata hao Wamarekani anaowategemea hawauzi ukale.

Kule kuna kampuni inaitwa CGC, ipo Florida, ilianza mwaka 2000. Unawatumia kitabu chako, wanahesabu kurasa, wanakagua mgongo, kona, pini na weupe wa karatasi, wanatafuta kama kuna mahali pamepakwa rangi au pamegundishwa. Kisha wanakipa alama, kuanzia 0.5 hadi 10, na kukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Lebo ya buluu ni ya kitabu ambacho hakijachezewa. Ya zambarau ni ya kilichokarabatiwa, na hapo bei inaporomoka hata kama kwa macho kinapendeza. Kuanzia siku hiyo hukisomi tena, maana kukisoma ni kuvunja kasha, na kuvunja kasha ni kuitupa alama uliyoilipia. Kitabu cha katuni kisichofunuliwa! Sijazoea mpaka leo.

Hata hivyo siwacheki sana. Muuzaji yuko jimbo moja, mnunuzi jingine, hawajuani, na "hali nzuri" ya mmoja siyo ya mwenzake. Alama inasimama kama mdhamini kati yao. Naye mdhamini huchezewa: mwishoni mwa 2023 ilibainika kuna makasha yaliyofunguliwa kwa ujanja, kikawekwa humo kitabu chenye hali duni chini ya lebo ya alama ya juu, ikabidi kampuni yenyewe itoe tahadhari.

Sasa njoo kwenye bei. Action Comics namba 1, ile ya 1938 iliyomtoa Superman, ilikuwa inauzwa senti 10. Nakala yenye alama 9.0 iliuzwa mwaka 2014 kwa dola milioni 3.2 na ushee. Mwaka 2024 ikauzwa nyingine, yenye 8.5 tu, kwa dola milioni 6. Ya alama ndogo imeipita ya alama kubwa, tena kwa mbali.

Sisi watu wa korosho hili tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa. Msimu wa 2017 korosho ghafi ya daraja la kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani. Mwaka uliofuata wakulima wakakataa bei za wanunuzi, minada ikakwama, serikali ikaingia kununua kwa 3,300. Daraja ni lilelile la kwanza. Daraja linakueleza umeshika nini. Bei wanaijua waliofika mnadani siku hiyo.

Na uchache nao una mambo yake. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilichapwa nakala zaidi ya milioni 8, watu wakazinunua kwa mafungu na kuzihifadhi wakisubiri utajiri. Kwa kuwa kila mtu alihifadhi, mpaka leo nakala ya kawaida haina thamani ya maana. Zile za 1938 zimeadimika kwa sababu watoto walizisoma zikachakaa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi kuukuu zilikusanywa zikatengenezewa vitu vingine. Halafu ipo Incredible Hulk namba 181, ya 1974, alipotokea shujaa Wolverine. Ndani yake kulikuwa na kistempu cha kukata na kukusanya. Watoto wakakata. Leo mkusanyaji makini hafungui pochi kabla ya kuhakikisha kistempu kipo.

Turudi kwenye Sani. Kwa huku kusini uchache upo, tena wa kweli. Kabla ya Daraja la Mkapa, la kuvukia mto Rufiji, kufunguliwa mwaka 2003 tulikuwa tunategemea kivuko cha Ndundu, na masika barabara ilikuwa tope tupu. Nakala iliyofika Lindi ilisomwa na mtaa mzima: leo kwa fundi cherehani, kesho kinyozi, mwisho inafungiwa karanga. Waliompenda Madenge au Kipepe, wahusika wa katuni zake, hawakumweka kwenye plastiki. Walimsoma mpaka karatasi ikaachia.

Tunachokosa ni wanunuzi. Ninaowajua mimi wanatosha bajaji moja. Wala hatuna kumbukumbu. Wamarekani wana kitabu cha Overstreet cha bei tangu 1970, na mauzo ya minadani yanaandikwa moja baada ya jingine. Sisi kila muuzaji anaanza upya na ndoto yake. Ukiwaza kuipeleka Sani hadi Florida ikafungwe kwenye kasha, nauli na ada zitaizidi, na itakaporudi bado hakuna mauzo ya kuilinganisha nayo.

Mimi naangalia kwanza kama kurasa zimetimia, ndipo jalada. Njano ya karatasi siigombi, karatasi ya magazeti hujila yenyewe kwa tindikali yake, na joto na unyevu wetu wa pwani vinaiharakisha. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, utafuga ukungu. Bahasha ya karatasi, juu ya kabati, mbali na jua na ukuta unaovuja, basi.

Zile hesabu za sukari na viberiti? Kule zingeshusha alama. Kwangu ndizo zilizonifanya nifike elfu kumi na tano wakati nilipanga kumi. Kijana kagoma, kaondoka na Sani yake, na haki ni yake.

Nimeanzisha daftari: toleo, hali yake, iliuzwa wapi, kwa shilingi ngapi. Aliyenunua au kuuza Sani, kijarida cha Kingo, au hata gazeti la Uhuru lenye katuni ya Chakubanga, awe Masasi, Nachingwea au Kilwa, aniandikie alilipa kiasi gani kweli, siyo alichoombwa. Hata kama ni mia tano, naiandika.