Boanerge: Yesu aliwasifia au aliwatania?

Mhubiri akifika kwa Yakobo na Yohana wana wa Zebedayo, mara nyingi sauti inapanda, "wana wa ngurumo!" na kanisa linajibu ameni, imeisha hiyo, tunahamia kwa mtume mwingine. Mi huwa nabaki najiuliza lile jina lilikuwa sifa au utani, maana Marko 3:17 anasema tu Yesu aliwaita Boanerge na maana yake ni hiyo, sababu hatoi, na kwenye Agano Jipya lote hakuna mwingine anayelitaja.

Wanaosema ni utani wana hoja nzito. Luka 9, kijiji cha Wasamaria kimekataa kumpokea Yesu kwa vile alikuwa anaelekea Yerusalemu, hawa ndugu wawili wanamuuliza Bwana kama anataka waagize moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze. Kijiji kizima jamani, na watoto wao! Yesu akageuka akawakemea wakaenda kijiji kingine. Ongeza Marko 9, Yohana anasimulia walivyomkataza mtu aliyekuwa anatoa pepo kisa hafuatani nao, halafu sura ya 10 wanaomba wakae kulia na kushoto kwenye utukufu mpaka wale kumi wenzao wakachukia. Yani ni watu wa jazba, mtu wa hivyo ukimwita ngurumo hakuna atakayeuliza kwa nini.

Ila hapa kuna kitu wengi wanaruka. Luka mwenye stori ya moto, kwenye orodha yake ya mitume hilo jina halipo, na Marko mwenye jina hana stori ya moto. Sisi wasomaji ndo tumeunganisha, inaweza ikawa sawa lakini hakuna mwandishi aliyesema jina limetokea pale.

Upande wa pili wanakwambia ngurumo kwenye Biblia si hasira tu, Sinai kwenye Kutoka 19 Mungu anashuka kwa ngurumo, Zaburi ya 29 ndo kabisa, kwahiyo jina ni wito wa kupaza sauti ya Mungu, kama Abramu alivyoitwa Abrahamu, baba wa mataifa mengi, kabla hata mwanae Isaka hajazaliwa. Inavutia, na inasaidiwa na kwamba Marko analitaja palepale Simoni anapopewa jina la Petro. Tatizo ni Matendo ya Mitume. Yakobo hana hata hotuba moja mle, sura ya 12 Herode anamuua kwa upanga, basi. Yohana anatembea na Petro lakini anayeongea karibu muda wote ni Petro. Sasa hiyo ngurumo ilisikika wapi?

Kuna wanaosema majina haya yalikuwa ya kutofautisha watu tu. Kwa Simoni nakubali, lilikuwa jina la kawaida mno kwa Wayahudi wa wakati ule na kati ya wale kumi na wawili walikuwa wawili, mmoja akawa Petro mwingine Zelote. Tomaso naye aliitwa Pacha (hilo la "mwenye shaka" tumempa sisi, na ni huyuhuyu aliyesema twende nasi tukafe pamoja naye, Yohana 11:16). Lakini Boanerge haitofautishi chochote, ni jina moja la watu wawili ambao tayari wanajulikana kwa baba yao.

Mi naegemea utani, ila utani wa mwalimu anayempenda mwanafunzi wake, na kinachonisukuma huko ni Petro. Ameitwa mwamba, lakini Gethsemane alivyokutwa amelala aliitwa "Simoni, umelala?", na baada ya kumkana mara tatu anaulizwa "Simoni wa Yohana, wanipenda?" Jina la mwamba linakaa pembeni pale mwamba unapotikisika. Kwahiyo jina linaweza kukutania leo na bado likawa linakudai kitu kesho, hizo kambi mbili sioni kama lazima zigombane.

Na Yohana alidaiwa kweli. Matendo 8, habari zinafika Yerusalemu kwamba Samaria wamelipokea neno, mitume wanatuma watu wawili, Petro na huyo huyo Yohana aliyetaka moto. Safari hii anawawekea Wasamaria mikono wapokee Roho Mtakatifu, na wakati wa kurudi wanahubiri kwenye vijiji vyao vingi njiani.