Kambi ya JKT na Kijana Aliyeishia Kidato cha Nne

Kila inapotoka orodha ya wahitimu wa Kidato cha Sita wanaotakiwa kuripoti Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, mabishano huwa yale yale. Wapo wanaosubiri kwa hamu kujua kama wamepangiwa kambi ya Ruvu, Mafinga au Bulombora, na wapo wanaoguna mara tu wanaposoma mahitaji: bukta ya bluu, raba, shuka, na nauli itakayotoka mfukoni mwa mzazi. Hawa wa pili huhukumiwa upesi kwamba hawana uzalendo, hukumu ambayo kwangu ni ya haraka mno.

Manung'uniko hayo yana umri mkubwa. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga kulazimishwa kwenda JKT na kukatwa mishahara katika muda wa utumishi huo, wakisema hata wakipelekwa kambini nyoyo zao zitabaki nje. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, lakini pia alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, jambo ambalo wanaowakemea vijana wa leo hulitaja kwa nadra.

Hoja ya watetezi wa kambi ni nzito. Kuruta anayeamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, akashika jembe na kula sahani moja na wenzake wa mikoa asiyowahi kuikanyaga, huijua nchi yake kwa namna ambayo somo la uraia halimfikishi. Kuhusu uwajibikaji binafsi, hata hivyo, nina shaka: anayefanya kila jambo kwa filimbi ya afande hujifunza utii, ilhali kijana anayeuza maji stendi ili mdogo wake apate ada anawajibika bila kuamriwa na yeyote.

Linalonisumbua zaidi ni nani anayeitwa. Mhitimu wa Kidato cha Sita mara nyingi ameshapangiwa shule ya bweni katika mkoa mwingine tangu Kidato cha Tano, kwa hiyo kuchanganyika na Watanzania wengine si jambo geni kwake. Aliyesoma shule ya kata na kuishia Kidato cha Nne, ambaye pengine hajavuka wilaya yake, sheria haimwiti. Amebakiwa na mlango wa kujitolea, wenye nafasi chache zinazogombewa na wengi kwa matumaini ya ajira katika vyombo vya ulinzi. Tangu mafunzo ya lazima yaliporejeshwa mwaka 2013, baada ya kusitishwa mwaka 1994, tumebishana sana kuhusu kulazimisha au kutolazimisha, na kijana huyu hatumtaji. Ikiwa lengo ni kuwakutanisha Watanzania, yeye ndiye aliyestahili kuitwa kwanza, tena kwa nauli ya serikali.