Yaya wa Katuba Alipokuja Kutoa Mashauri

Mega za intaneti nilizonunua jana zimeisha usiku, mimi nikiwa usingizini. Zote! Kurento imerudi alfajiri, nimeamka kuchaji kama kila mtu mwenye akili, simu sioni. Naikuta chini ya mto wa kijana wangu, ya moto kama kiazi kimetoka makaani. Ana miaka tisa. Namba ya siri nimebadilisha mara ngapi sijui, yeye anaijua kabla sijaizoea mwenyewe.

Nikasema hapana, hili si la kupiga kelele. Nyumba yenye heshima ina wazee. Wengine nilikuwa nimeshawajaribu. Mwalimu aliniambia tatizo linaanzia nyumbani. Mama yake alisema "muulize aliyemzoesha," akarudi kwenye filamu yake. Muuguzi wa kupima watoto uzito, siku tulipompeleka yule mdogo, alitusomea kwamba Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na aliye chini ya hapo asikae kabisa. Alitusomea kwenye simu. Katikati akaangua kicheko, na kilichomchekesha hakikutoka kwa Shirika la Afya.

Basi nikamwita Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Mzee wa kanisa, akikohoa watu wanarekebisha makalio kwenye viti. Kafika na koti na simu mbili, moja ya kupigia, moja ya pesa. Akaziweka karibu na sahani ya bukari. Tukala kimya. Yeye anasoma kikundi cha ukoo, mimi namjibu mteja (yangu ni ya kazi, tusichanganye mambo), mtoto anatutazama.

Yaya akanawa, akakohoa.

"Mwanangu, simu inakula akili. Mimi katika umri wako..."

Simu ikalia.

"Alo? Niko kwenye kikao kizito! Eeh? Mfuko wa makala ya kupikia umefika ngapi? Usiniambie!"

Makala yakajadiliwa mpaka yakaisha. "Tulifika wapi?"

"Akili, Baba Mkubwa. Inaliwa."

"Ndiyo! Ngoja nikuonyeshe video ya mtoto aliyeharibika macho." Akachukua simu ya pili, ile ya kwanza imebaki kiganjani. Akatafuta. Harusi ya Likasi. Bao la Mazembe. Mchungaji anatoa pepo. "Ilikuwa hapa hapa..." Mtoto akasema, "Lete nikusaidie, Baba Mkubwa," na kabla hujameza mate ameipata. Sasa mhukumiwa ameshika simu, hakimu amemwegemea begani, wote wawili macho yamewatoka, wanaangalia video ya pili, ya tatu. Kwa mega zipi? Zangu, nilizonunua asubuhi! Mtoto alimfungulia koneksheni bila kuniuliza.

Yaya akafurahi, mdomo ukafunguka. Akanieleza kuhusu shemeji wa Kipushi na michango ya kilio, pesa ilivyoingia, isivyoonekana ilikotokea. Nami nikaongezea kidogo, kama ndugu.

Mtoto akainama akaangalia kile kiganja kingine.

"Baba Mkubwa, vokali yako, ule ujumbe wa sauti, hujaituma."

Na kwa adabu zote nilizomfundisha, akabonyeza kimshale.

Kikundi cha ukoo. Kilio, shemeji, sauti yangu, yote ndani. Shangazi wa Likasi akajibu "Amina" papo hapo, hajasikiliza hata neno. Shemeji yeye alisikiliza. Ameandika kwa herufi kubwa, mimi nilifikiri simu imeharibika.

"Futa! Futa!" Yaya anapiga kelele, kidole kinafuta picha za harusi.

Mnaniambia nifanye nini? Kurento imekatika tena. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo hii, Kolwezi hapo mbele, inaingia kwenye betri za watu wote, halafu mimi napanga foleni kwa kijana wa jenereta, franka 500, ananiambia "papa, subiri, waya umejaa." Waya unajaaje? Na jana alimpa mwenzangu simu ya mtu mwingine, jamaa akaondoka nayo hadi Ruashi akipokea simu za mke wa mtu.

Shemeji amesema kikao ni Jumamosi, kwangu. Anakuja na wajomba. Wote wanakunywa bia ya Simba, na hawanywi moja.