Kura ifuate pasipoti au makazi?

Wanaobeza uraia unaovuka mipaka ya dola, yaani mtu kuwa na haki kama kura katika nchi anayoishi hata kama pasipoti yake ni ya nchi nyingine, hudai kwamba hiyo ni ndoto ya matajiri wenye kuruka kutoka nchi moja hadi nyingine. Kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya Juni 2022 inaonyesha mtu wa aina nyingine kabisa.

Ni mwanamke Mwingereza anayeishi Ufaransa tangu 1984, mumewe Mfaransa. Mkataba wa Maastricht, ulioanza kutumika 1993, ulimfanya raia wa Ulaya, akaweza kuwapigia kura madiwani wa kijijini kwake. Uingereza ilipojitoa mwaka 2020, jina lake likafutwa kwenye daftari la wapiga kura. Kwao nako hakuwa na kura, maana sheria ya wakati ule iliwanyima Waingereza waliokaa nje zaidi ya miaka 15. Huku hana, kule hana. Mahakama ikasema uraia wa Ulaya unategemea uraia wa nchi mwanachama. Huo ukienda, na ule unakwenda.

Kisheria sina la kupinga. Tena angeweza kuomba uraia wa Ufaransa, hakuomba. Wengi hufunga mjadala hapo.

Lakini itazame Malta, nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Kwa miaka kadhaa, aliyelipa euro 600,000 au zaidi na kutimiza masharti mengine alipewa uraia, na papo hapo akawa raia wa Ulaya, hata kama hakuwahi kuishi kule maisha ya kila siku. Aprili 2025 mahakama ileile iliupiga marufuku mpango huo, ikisema uraia ni mshikamano na uaminifu kati ya mtu na dola, haununuliwi. Sawa kabisa. Basi kwa kipimo hicho, mwenye mshikamano na kijiji kile ni nani kama si aliyekaa humo miongo karibu minne?

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba mgeni ana pa kukimbilia mambo yakiharibika, mwenyeji anabaki na madeni. Ina uzito, ila dola zenyewe haziifuati: Wafaransa walioko ughaibuni wana wabunge 11 wao wenyewe tangu 2012, na wao ndio walio mbali na matokeo ya kura zao. New Zealand imegeuza utaratibu. Tangu 1975 wakaazi wa kudumu wasio raia huchagua wabunge. Kugombea ubunge ndiko wasikoruhusiwa.